Nikichanja kadi Ifakara, simu inalia kwa mwanangu Dar

Admini, jina langu lifiche, ila umri wangu usiufiche: miaka sabini na moja. Mnaotaka kuniamkia, marahaba. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika, mcheke mwalimu wangu kwanza. Nakaa Ifakara, nalima mpunga Katindiuka. Mama watoto alishatangulia kwa Mungu.

Mwaka jana nilipouza mpunga, mwanangu wa kwanza, Deo, alikuja kutoka Dar akanipeleka benki. "Baba, kulalia hela ni kujiitia vibaka. Chukua kadi, utakuwa unachanja tu." Wakauliza namba ya simu. Yangu ilikuwa imezima, Deo akaweka yake. Sikuona shida. Mtoto niliyemnawisha makalio mwenyewe!

Kuchanja kulininogea, nisiwadanganye. Sheli nikinunua mafuta nachanja, duka kubwa la mjini nachanja, mpaka dada wa pale akaniomba nisichanje tena kwa kiberiti kimoja.

Sasa kuna mama mmoja mjane wa Mlabani, anauza vitumbua. Tunapendana kiutu uzima na tunataka kwenda kwa padri. Siku moja alinitazama miguu akasema, "Baba Deo, hayo magaga yako yatanichania shuka." Jamani! Nimekanyaga tope la mpunga tangu utoto, alitaka niwe na kisigino cha mtoto mchanga? Nikaingia duka la vipodozi, nikanunua mafuta ya visigino na marashi kidogo, nikachanja. Nikarudi tena. Na tena.

Ikafika Jumapili ya ubatizo wa mjukuu wangu. Wakwe zake Deo wapo, wageni wanachambua miiba ya kambale, Deo akatoa simu akasoma kwa sauti kama anasoma somo la kwanza kanisani: "Jumanne, duka la vipodozi. Ijumaa, duka la vipodozi. Sheli. Vipodozi tena. Baba, unampaka nani?"

Kumbe kila nilipochanja, meseji ilikuwa inaingia kwake! Watu wakacheka. Baba mkwe wake akainamia sahani. Binti yangu naye akadakia: "Kuna kisichana kinamla baba. Kadi niitunze mimi, akitaka kitu aniombe."

Aniombe! Mpunga nilime mimi, ndege nifukuze mimi, halafu niombe! Nilijiona nimevuliwa suruali mbele ya wakwe, na aliyeishika suruali ni mwanangu. Ningewaambia nini? Kwamba babu ananunua mafuta ya magaga? Nikaendelea kuchambua kambale wangu, wao wakaona ndiyo nimekiri. Kadi sikuitoa, lakini tangu siku hiyo nikiiona tu mate yananijaa mdomoni kama nimemeza nzi.

Mama wa Mlabani alipopata habari alicheka mpaka akaunguza vitumbua, kisha akanuna. "Kadi yako siitaki. Ila mwanaume anayeomba ruhusa ya kununua chumvi, nimwite mume au mwanafunzi?"

Nimekwenda benki kuulizia. Wamesema kubadili namba ni kazi ndogo, nije na kitambulisho. Nikamwambia Deo kwa heshima tu, akanijibu: "Baba, ukiitoa namba yangu, ujue umenitoa na mimi." Mtoto huyo ndiye ninayemtegemea anizike. Nikiiacha namba yake, siwezi kununua hata dawa ya minyoo, maana Dar watajua kabla minyoo yenyewe haijajua. Maisha gani haya? Nimekinai.

Mavuno yamekaribia na hela ya mpunga itaingia akaunti ile ile. Na mama wa watu ameshaniambia hatasubiri mavuno mawili.

Nishaurini, wanangu na wajukuu: nibadili namba nimkose mtoto, au niiache nimkose mama? Ila asije mtu hapa akaniambia, "Mzee, tulia nyumbani usali." Kusali nasali. Na visigino vimeshalainika.