Daktari Alipopima Koo Langu

Juzi mhudumu wa altrasaundi alipompaka binti yangu ule ute baridi shingoni, nilishindwa kutazama. Nilitoka nje nikamwacha na baba yake.

Nilipopimwa hivyo mimi, nilikuwa na miaka saba. Chumba cha hospitali, huko Upper Hill, kilinuka spiriti, na mashine ilinguruma kama friji kuukuu.

"Tulia, mrembo," daktari aliniambia, Mama akiwa kando ya kitanda. "Tunapima tu ukubwa ya tonsili kabla zitolewe. Hapa kila kitu iko kwa koo inaonekana."

Wiki hiyo Baba alikuwa amenipeleka kwa mwanamke mmoja Kinoo, akaninunulia soda, kisha akaniambia, "Hii maneno umeze, isitoke." Nami niliyameza. Sasa vivuli vilitikisika kwenye skrini, nikaamini yule mwanamke yuko karibu kutokea. Nikaona heri niseme mwenyewe.

"Mami, Dadi ako na bibi mwingine Kinoo."

Daktari aliendelea kupima. Mama alinipangusa shingo polepole, akanivalisha sweta, akafunga vifungo vyote. Aliongea tulipofika kwenye ngazi.

"Nilikuwa najua, Wanja. Lakini hakuna mtu alikuwa amesema."

Mwezi huo mimi na Mama tulihamia kwa nyanya, mama yake. Tonsili zilitolewa na Baba hakuja.

Sasa najua mashine ile iliona nyama mbili zilizovimba, basi. Lakini hadi leo Baba akinipigia simu hunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyevunja nyumba yake, nami, mtu mzima, humwomba msamaha.