Ukoo wa Mama Yako

Mwanvita alikuwa na mdomo, tusimfiche. Alipopewa kazi ya kutunza mtandao wa ushirika wa wakulima wa viungo pale Mkuyuni, tena kwa majaribio, alisimama mbele ya wanachama akatamba kwamba sasa hata Pazi hapiti.

Pazi ni mkulima wa karafuu, na ni mtani wa ukoo wao. Mtani hanyimwi kitu. Zamani nenosiri lilikuwa moja kwa wote. Pazi aliliomba, akapewa, na haukupita muda nusu ya soko ikawa inaangalia mpira kwa waifai ya ushirika. Mwanvita akabadilisha: kila mtu na jina lake na nenosiri lake. Hata ukichomeka waya ukutani ukidhani umepata mlango wa uani, nao unakuuliza wewe nani. Aliyesahau anajibu swali moja, anapewa nenosiri jipya. Swali lilikuja na mfumo kutoka huko ulikotengenezwa: mama yako ni wa ukoo gani? Akaliacha lilivyo.

Jamani! Mluguru huchukua ukoo kwa mama, na ndicho kitu cha kwanza anachoulizwa akifika mahali. Mtani asiyeujua atakutania vipi? Mwanvita mwenyewe ni Mluguru, lakini utaalamu ulishampanda kichwani.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, simu za wanachama zote zikalia. Ujumbe ulitoka kwenye akaunti ya mwenyekiti, Mzee Halidi: "Leo ofisini pilau, gharama zangu. Njooni na watoto." Wakaja. Pazi alitangulia, na sahani yake mkononi.

Mtani hakasirikiwi, hivyo Mzee Halidi alinunua mchele huku amenuna, na hasira zote zikamwangukia Mwanvita, mtoto wa dada yake.

"Mkataba wako nimeuweka kando," akamwambia. "Sijui kama nitausaini."

Mwanvita aliumia. Kazi aliipenda, na kosa lilikuwa lake. Akalifuta swali, akawaagiza wote wabadilishe manenosiri. Atakayesahau aje mezani kwake na kitambulisho.

Wa kwanza kusahau akawa Mzee Halidi.

"Nifungulie."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nifungulie."

"Naomba kitambulisho, mjomba."

Pazi, aliyejifanya amekuja kuulizia bei ya karafuu, akajiziba mdomo kwa kofia.

"Mtoto wewe! Si mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ndiyo, mjomba. Lakini hilo hata Pazi analijua."

Mzee akatoka bila kuaga.

"Umejifukuza kazi mwenyewe, mtani," Pazi akasema, akicheka mpaka machozi.

Mwanvita hakucheka. Alitamani amkimbilie mjomba wake barabarani akamwombe radhi, ila akabaki kitini.

Nyumba ya Mzee Halidi iko juu mlimani, na aliporudi alikuwa anahema. Akaweka kitambulisho mezani, na juu yake mkataba.

"Nimeshasaini," akasema. "Kagua kama saini ni yangu."