Kahawa Iliyokataliwa Kwenye Mizani

Kanuni za Bunge zilitaka chama cha upinzani kiwe na idadi fulani ya wabunge ndipo kiongozi wake atambuliwe. Sisi tuliifikia idadi hiyo bila hata mmoja wa ziada. Mmoja wetu akivuka kwenda upande wa serikali, mimi ningebaki mbunge wa kawaida, na maswali yetu yangesukumwa mwisho au yasiitwe kabisa. Nilizijua kanuni hizo kwa kuwa nilizisoma mwenyewe, kamusi kando, nikiuza mafuta ya taa katika duka langu la Ruring'u, kabla sijafikiria kugombea.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mbunge mwenzetu wa Kerugoya amekataliwa kahawa yake kiwandani, niliondoka Nyeri asubuhi hiyohiyo.

Nilimkuta uani, ameketi juu ya gunia. Magunia mengine yaliegemezwa ukutani, na harufu ya uchachu ilikuwa imeanza. Matunda ya kahawa yakichumwa hupelekwa kumenywa siku hiyohiyo. Yakilala, yanaharibika.

"Karani wa mizani alisemaje?" nikamuuliza.

"Ati mashine imeharibika. Jirani yangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alipofika yeye, mashine ikapona."

"Wanakujaribu. Ukisimama imara watachoka."

"Watachoka lini, Mheshimiwa? Jana kuna mtu alikuja hapa. Hakusema ametumwa na nani. Alisema nikivuka Jumanne, Jumatano mizani iko wazi."

Nikaanza kumweleza habari ya kanuni na idadi yetu. Alikuwa akinisikiliza huku akitazama magunia. Mke wake akatoka jikoni na mikeka kwapani, akaitandika juani, akafungua gunia la kwanza na kulimwaga.

"Unafanya nini?" mumewe akauliza.

"Naanika mbuni. Nyinyi ongeeni. Kahawa haiwangojei."

Mbuni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake. Haihitaji kiwanda, lakini bei yake ni ya kutupa. Mama yule akanigeukia.

"Mheshimiwa, wewe uko na miti ngapi ya kahawa?"

"Sina, mama. Niko na duka."

"Ati duka! Ndiyo maana hiyo 'simama imara' inakutoka vizuri hivyo. Haya, vua koti, shika gunia upande huo."

Nikavua. Mumewe alitutazama kwa muda, kisha akainuka, akapiga magoti kwenye mkeka na kuanza kutandaza matunda kwa viganja. Hatukuzungumza siasa tena. Gunia la mwisho lilipokwisha, mama akajipangusa mikono kwenye leso.

"Mwaka huu tutauza mbuni," alisema, "na watoto watavaa sare za zamani. Mwaka huu tu. Mwingine siwezi, na usije kuniuliza."

Jumanne mwenzetu aliingia Bungeni nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Alisimama kidogo katikati ya ukumbi, mahali ambapo mtu anaweza kwenda upande wowote. Kisha akaja akaketi kando yangu. Kucha zake zilikuwa bado na rangi ya maganda.

Mwaka ule tulishindwa karibu katika kila kura. Lakini mawaziri walilazimika kusimama na kutujibu, na majibu yao yakaandikwa.

Msimu uliofuata, nikielekea Nairobi kwa kikao cha kwanza, nilipinda njia nikapitia Kerugoya. Miti ya kahawa kando ya ua wake ilikuwa imechumwa. Nilisimamisha gari langoni bila kupiga honi. Uani palikuwa pamefagiliwa, na ile mikeka ilikuwa imekunjwa na kuwekwa chini ya paa la ghala. Hapakuwa na tunda hata moja lililoanikwa. Kahawa ilikuwa imepokelewa.

Sikuingia. Nilikuwa nimekatazwa kuuliza.

Bungeni mwenzetu alipitia mlango wa upande wa serikali, naye hakunitazama. Spika aliposimama kutangaza aliyevuka, nilikuwa nimekwisha kuondoa karatasi zangu kwenye meza ya kiongozi wa upinzani.