Simu ya Kusukuma ya Tonton Bisimwa

Kuna siku moja ninaikumbuka kwa sauti yake, mwanangu, kuliko kwa sura yake. Sauti ndogo tu, chak, kama kufuli linapojifunga. Nilikuwa bado kijana, muke wangu Nsimire alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na mimi nilikuwa nimesimama katika kibanda cha tonton Bisimwa, mujomba wa kila mutu, pale sokoni Nyawera, nikingojea habari kutoka Katana.

Lakini wacha nianze na simu, maana bila simu hautaelewa kitu.

Ni hii munayoiona juu ya meza yangu na kuicheka. Juzi mujukuu wa jirani aliweka kidole kwenye kioo chake, akapapasa, akapapasa, akingoja picha zikimbie. Nikamwambia, mutoto, hii haipapaswi, inasukumwa. Unasukuma sehemu ya juu, vibonyezo vinatokea chini. Ikiita, ukiifungua tu, tayari umepokea. Ukiifunga, umekata. Hakuna kutafuta wala kuuliza. Ukichomeka waya za masikio unapata redio safi, na hata courant, umeme wa nyumba, ikikatika juma nzima, yenyewe bado inaita. Na inaita kweli, hata katikati ya soko utaisikia.

Haina internet, hilo ninalikubali. Picha zake ni kama zimepigwa ndani ya moshi. Ujumbe ukijaa, ule mupya unabaki inje mpaka ufute wa zamani. Mimi shule niliiacha mapema, kusoma kwangu ni kwa kufuata kidole, kwa hiyo ujumbe muchache ulinifaa. Na ndani yake kuna kiutepe chembamba, mafundi wanakiita nape, kinachounganisha kipande cha juu na cha chini. Ukisukuma ovyo ovyo kwa kujionyesha, nape inachoka, na kioo kinabaki cheusi.

Tonton Bisimwa alikuwa mushona nguo, na ndiye aliyejua kuishi na simu hiyo. Aliishonea mufuko wa kitenge, akautundika kwenye cherehani. Avenue yetu nzima iliitumia namba yake. Na kwa kuwa inite, pesa za kupigia simu, zilikuwa za shida, watu walikuwa wanabipu: unapiga, inaita mara moja, unakata mbele mwenzako hajapokea, na inite zako zinabaki. Maana ya bip munakuwa mumeipatana tangu mapema.

Mbele Nsimire hajaenda kwa mama yake Katana, karibu na hospitali, tulipatana hivi na mama mukwe. Bip moja: mutoto amezaliwa, wote wazima, kuja siku ya Mungu, Jumapili, na vitu vya mutoto. Bip mbili zinazofuatana: mambo ni magumu, kuja sasa hivi.

Sasa siku ile. Tonton alikuwa anampima maman mumoja mabega kwa futi yake, ule utepe wa kupimia. Ndani ya kibanda kulikuwa na mushonaji mwingine, Déo, kijana wa mukono mwepesi lakini mwenye kupenda kutazamwa. Wakapita wasichana wawili wenye kutafuta vitambaa. Déo akaitoa simu kwenye mufuko, akaanza kuwaonyesha. Chak, juu. Chak, chini. Wasichana wakacheka, naye akazidi.

Simu ikaita mukononi mwake, na kidole chake kilikuwa tayari kinaisukuma. Ikafunguka. Tukasikia sauti ya mama mukwe, ndogo, inasema, "Allô?" Déo akashtuka, akaifunga.

Tukangoja. Hata futi ya tonton ilisimama juu ya bega la yule maman. Simu haikuita tena.

Ona shida yetu, mwanangu. Inawezekana ilikuwa bip moja tu, na furaha iko Katana. Inawezekana zilikuwa mbili, lakini ile ya kwanza imepokewa, inite za mama zimekulwa, na asiye na kitu ndani ya simu hawezi hata kubipu. Tonton akampigia. Simu ya kule ikawa imezimika.

"Ilikuwa moja," Déo akasema. "Mi najua, ilikuwa moja."

"Haukuiacha iite, Déo," tonton akajibu. "Utajuaje?"

Mimi nilikuwa mubebaji mizigo pale sokoni. Mchana ule kamio, lori ya mupunga kutoka Luberizi, ilikuwa inaingia, na asiyekuwepo wakati wa kushusha anampoteza tajiri wake, nafasi inachukuliwa na mwingine. Nikamwambia tonton pengine ningoje kidogo, simu ya kule itawashwa. Hakunigombeza. Alishika kitambaa kilichokuwa mbele yake, akanionyesha mukasi.

"Nguo ya mutu ambaye sina kipimo chake sikati ndogo. Nakata kubwa. Kupunguza iko rahisi, kuongeza haiko. Hesabu mbili. Enda."

Nikaenda na jasho la sokoni. Tulibanana ndani ya taxi-bus na vifaranga vya mutu fulani, ziwa likinifuata upande wa kuume muda wote, na mimi nahesabu rozari kwenye vidole maana yenyewe niliisahau nyumbani. Barabara ya wakati ule, usiniulize. Kila tuliposimama kupandisha mutu, nilimchukia yule mutu, Mungu anisamehe.

Nilifika jua bado liko. Nsimire alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji wa mutama, na pembeni yake kitu kidogo kimefungwa ndani ya kitenge. Mama mukwe akaanza kunigombeza mbele hata sijasalimia: nani yule amekula inite zangu, mi nilikuwa na ya bip moja tu. Lakini Nsimire aliitazama shati yangu, akatazama miguu yangu yenye vumbi.

"Tulisema bip mbili ndio ukuje," akasema.

"Sikusikia vizuri."

"Sasa umekuja juu ya nini?"

"Juu ya kutojua."

Akanipa mutoto nimushike.

Kamio ya mupunga ilishushwa na wengine, na nafasi yangu ikaenda kweli. Nilitafuta tajiri mwingine mpaka nikamupata. Lakini kwa wakwe nilipata jina ambalo hakuna mutu wa kuninyang'anya: Aliyekuja Bila Kuitwa. Mama mukwe aliniita hivyo mpaka alipokufa. Nsimire akinikasirikia, na ana sababu nyingi, ninamuona anavyolikumbuka jina hilo, kisha ananipakulia chakula.

Na Déo? Tonton alimwambia tu ashone kifungo kwenye mufuko wa simu. Kiko pale, kitazame. Macho ya tonton yalipochoka alinipa simu pamoja na mufuko wake, na nape haijakufa mpaka leo, kwa sababu siisukumi bila sababu.

Simu zenu ni za ajabu, sikatai. Zinawaonyesha hata kama mwenzako amesoma na hajajibu, nanyi munakaa munatazama. Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Kitu chenye uwezo mudogo usikicheke, jifunze pale kinapofika na pale kinapoishia, nacho kitakutumikia miaka. Na habari ya mutu wako ikikufikia nusu, usiketi kuingojea nusu nyingine. Hesabu mbili. Enda. Ukikuta anakunywa uji, umepoteza nini?

Mungu aliyenifikisha Katana jua bado liko akutangulie njiani. Simu yako iite kwa mambo mema, na siku itakaposhindwa kuita, miguu yako ifike.