Kijana wa Biharamulo na Barua Yake

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limewaka, nami nimeshika jembe. Nilikuwa macho kama nilivyo sasa.

Kwanza ujue nilichofanya. Sola yangu ilitoweka juu ya paa. Kesho yake nikamwona kijana nisiyemjua anapita barabara ya kwenda Bugarama, amejitwisha sola iliyofungwa kwa kitenge, pembe zikionekana. Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena, akazidi kwenda. Mtu mwema angekosaje kugeuka? Nikapiga yowe: "Mwizi!"

Watu walitoka migombani na fimbo na mawe. Kijana aliinua karatasi, akaizungusha huku na huku ili wasome. Nani asome? Walipomaliza, karatasi ilikuwa tope, naye hapumui. Jioni hiyo shemeji yangu akarudisha sola yangu. Alikuwa ameiazima kwa ajili ya msiba, akasahau kuniambia.

Wiki ya tatu, napalilia maharage, nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitika, jembe likiendelea.

Nilipogeuka, alikuwa yeye. Shati lile lile, safi, halina hata doa. Akaninyooshea karatasi.

"Naomba unisomee, mama. Kwa sauti."

Nikasoma, ungefanyaje? Ilikuwa barua ya utambulisho kutoka kitongoji kimoja cha Biharamulo. Mwenye barua anampelekea dada yake sola, Bugarama. Kijana huyu ni kiziwi. Tafadhali mwonyesheni njia kwa mikono.

"Sasa nasikia vizuri," akasema. "Nakusikia wewe kila siku. Neno lako lile."

Nikafumba macho. Kufumbua, hayupo, na mkononi sina kitu.

Nilimtafuta dada yake. Swali langu lilikuwa moja tu: marehemu alikuwa anasikia?

"Alikuwa hasikii tangu utotoni, aliugua homa. Nani amekuambia?"

Nikamweleza yote, hata yowe langu. Alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaenda polisi kujisalimisha mwenyewe. Wakachukua maelezo, wakaja kijijini kuuliza. Unajua walipata nini? Hakuna aliyekuwepo! Huyu alikuwa gulioni, yule kanisani, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Kwenye mkutano wa kijiji nikasimama nikaanza kuwataja.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akanikatiza. "Walikuwa wananchi wenye hasira."

Wananchi gani? Nawajua kwa majina, tunachota maji kisima kimoja! Mwaka wa pili huu, jalada lipo, kesi haipo. Mimi niliambiwa nikae nyumbani nitaitwa. Sijaitwa. Nikipita njiani wananiita msaliti, na salamu yangu haiitikiwi.

Lakini hayo si kitu. Kila alasiri, nikiwa shambani, nasikia yowe karibu na sikio, nalo ni sauti yangu mwenyewe. Nimeombewa, nimekunywa dawa, haliondoki.

Basi wewe, ukimwona mgeni amezungukwa, mfikie haraka, simama naye hapo mpaka polisi waje. Ukishindwa, usije ukajitetea kwamba hukurusha jiwe. Mimi sikurusha hata moja.