Kioo Kidogo Nyuma ya Kichwa cha Shemeji

Saa mbili asubuhi, kinyozi anakung'uta shuka jeupe mlangoni mwa kibanda chake, kisha anarudi ndani na kumfunga nalo mteja wake wa kwanza. Mteja huyo ni fundi cherehani, kaka wa mkewe, na amekuja na kofia. Anaivua polepole na kuipakata chini ya shuka.

"Ukinidanganya leo, shemeji, nitamwambia dada yangu akunyime chakula," anasema.

Kinyozi ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia katika kazi hii. Kichwa chake mwenyewe kinang'aa: upara ulipoanza, alinyoa nywele zote na hajajuta. Wateja humwita Kioo Kidogo, kwa kuwa kila akimaliza hushika kioo cha mkononi nyuma ya kichwa cha mteja ili aione kazi katika kioo cha ukutani. Wanaume wengi hupata habari za upara wao katika kiti hiki.

Shemeji yake alizipata miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka thelathini na mitatu. Alinunua dawa ya kupaka ya kuotesha nywele iitwayo minoksidili, na hakumwambia mtu mwingine isipokuwa kinyozi. Wiki ya tano alipokaa kitini, nywele nyingi kuliko kawaida zilidondoka kwenye shuka kabla mashine haijawashwa.

"Nilimwambia, shemeji, hiyo dawa inakumaliza, itupe," anakumbuka kinyozi. "Nilisema kwa uhakika wote, maana nilikuwa nimeziona zikidondoka kwa macho yangu."

Shemeji akaitupa. Kwa mwaka mzima utosi uliendelea kuwa wazi, na kofia ikawa haivuliwi hata mezani.

Kosa lilifichuka siku kinyozi aliposimulia kisa hicho kwa majivuno huku akimnyoa muuguzi wa kliniki ya ngozi. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kuwa katika wiki za mwanzo dawa ile huweza kuangusha nywele dhaifu, na hiyo si ishara kwamba inadhuru. Matokeo husubiriwa kwa miezi minne hadi sita au zaidi, na mtu akiiacha, faida aliyoipata hupotea. Aliongeza kuwa vipo vidonge anavyoandika daktari baada ya kueleza madhara yake, yakiwamo ya chumbani, na upo upasuaji wa kuhamisha nywele za kisogoni. Kunyoa zote, alimalizia akikitazama kichwa cha kinyozi, nako ni uamuzi halali.

Adhuhuri ya siku ile kinyozi alifunga kibanda, akaenda kukiri kwa shemeji yake.

"Aliniambia, 'Wewe umeninyoa bila mashine.' Akafunga mlango," anasimulia kinyozi.

Kinyozi alirudi kila Jumapili, hadi wakaenda pamoja kwa daktari wa ngozi. Dawa ikaanza upya, kwa sharti moja la shemeji: kioo kidogo kisiinuliwe mpaka miezi sita itimie. Imetimia leo.

Mashine inazimwa. Kinyozi anachukua kioo, lakini shemeji anatoa mkono chini ya shuka.

"Nipe nishike mwenyewe."

Anakiinua nyuma ya kichwa na kutazama kioo cha ukutani. Ngozi ya utosi bado inaonekana, ila duara halijapanuka, na pembezoni mwake zimeota nywele fupi, nyembamba.

"Hazijarudi zote," anasema kinyozi, "lakini hazikimbii tena."

"Zingekimbilia wapi, na wewe umekaa mlangoni?"

Wanacheka wote wawili. Kinyozi ameshakubaliana na muuguzi kwamba, kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi muuguzi huyo atakaa kwenye benchi la wateja na kujibu maswali yao. "Mimi nitaonyesha kioo," anasema. "Mambo ya dawa atayasema anayeyajua."

Fundi cherehani anasimama, na kofia inaangukia nywele zilizokatwa. Anaiokota, anaikung'uta vizuri, anaikunja na kuitia mfukoni. Kisha anauliza ni saa ngapi Jumamosi hiyo, ili aje mapema akae mbele.