Samli Kwenye Ufa wa Chumba Kipya

Mimi shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo msiniulize poliyurethani inaandikwaje. Najua tu ni gundi ya kuziba nyufa, ikikauka inavutika kama mpira. Mwanangu aliye fundi kwenye loji kule kreta ya Ngorongoro aliniletea mkebe, maana jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu Rhotia, na mvua ilikuwa inaingia kati ya nyumba ya zamani na chumba kipya.

Mke wangu alisema, "Mzee, tone moja likimdondokea mwenyekiti wa jumuiya, utalala na kuku."

Kuku wetu wana viroboto, jamani.

Nilipofungua mkebe, gundi ilikuwa nzito. Shemeji yangu, mfugaji wa Ngorongoro aliyekuja kumsalimia dada yake, akaichungulia kama anapima ng'ombe mgonjwa.

"Shemeji, ngozi ngumu sisi tunailainisha kwa samli."

Nikaona ana akili. Hata sisi, udongo wa ukuta tunauchanganyia samadi na majivu. Kitu gani kinakwenda ukutani peke yake? Nikatia samli. Ikateremka kama uji. Nikatia majivu, ikasimama. Nikapaka, nikajisifu.

Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya sala, sehemu ya juu ya ufa palikuwa pagumu, mlango ukibamizwa panakatika kama biskuti. Chini palikuwa bado panashika vidole. Nikampigia mwanangu, nikamweleza habari ya samli na majivu.

"Baba! Kiwandani wameshaitia chaki ya kuipa mwili na mafuta ya kuilainisha, kila kitu kwa kipimo. Unga ukizidi inapasuka, mafuta yakizidi haikauki. Maji umetia?"

"Hapana."

"Afadhali. Ingeumuka kama andazi."

Basi nikajiona si mjinga sana.

Watu wakaja, na mvua nayo. Shemeji, bila kujua kuwa gundi haijakauka, akakaa ameegemea ufa. Tulipoambiwa tusimame kwa sala akajaribu, shuka likabaki ukutani, na maji yakachungulia nyuma yake. Mke wangu akamrudisha kwa bega.

"Kaa hapo hapo, mdogo wangu. Ukiinuka tumekwisha."

"Dada, mgongo unaloa!"

"Sali."

Akasali ameketi, macho yamemtoka, mpaka amina ya mwisho. Mwenyekiti akaondoka mkavu kabisa, akisema hajawahi kuona kijana mnyenyekevu hivyo. Shuka tulilikata kwa mkasi. Kipande kimebaki ukutani, na hapo, nawaambia kweli, maji hayapiti.